Jinsi ya Kuiuliza Injini Habari Zake

Mtoto akiugua husema, "Mama, kichwa chaniuma," na mama yake hujua mahali pa kuanzia. Ng'ombe akiugua hasemi neno. Mchungaji humtazama macho na pua, humgusa masikio, akapata kujua kidogo. Motokaa nayo ilikuwa kama ng'ombe huyo kwa miaka mingi. Fundi wa zamani alitega sikio. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini wake karibu na sikio, akasikiliza mlio wa vyuma vya ndani, alinusa moshi, alizifungua plagi akatazama rangi zake. Mafundi hodari walijua mengi kwa njia hiyo, na hata leo ujuzi huo una faida yake.

Lakini motokaa za siku hizi zimepewa kitu ambacho zile za kale hazikuwa nacho. Ndani yake mna kompyuta ndogo iiangaliayo injini tangu swichi inapofunguliwa hata inapofungwa, na kompyuta hiyo yaweza kuulizwa maswali ikajibu. Katika somo hili tutajifunza jinsi fundi anavyoiunganisha kompyuta yake na kompyuta ya injini, na maneno wanayoambiana. Tena tutajifunza jambo moja kubwa ambalo kila aulizaye hana budi kulikumbuka. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu katika motokaa ya shule, nami nitawasimulia habari yake mahali pake.

1. Kazi ya kompyuta ya injini

Injini ya petroli yataka vitu vitatu: hewa, petroli, na cheche ya moto. Hewa na petroli huchanganyika na kuingia katika silinda. Cheche huuwasha mchanganyiko huo, nao ukiwaka huisukuma pistoni kwa nguvu. Vipimo lazima viwe sawasawa. Ili kilo 1 ya petroli iungue yote, yahitaji hewa kiasi cha kilo 14.7. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi na fedha hupotea bure. Ikipungua, injini hukosa nguvu, hutetemeka, au huzimika.

Sasa fikirini upesi wa kazi hiyo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwasha moto mara moja katika mizunguko miwili, yaani mara 1,500 kwa dakika, ambayo ni mara 25 kwa sekunde. Silinda zikiwa nne, moto huwaka mara 100 kwa sekunde moja. Nani awezaye kupima petroli mara 100 kabla hajamaliza kutamka jina lake? Zamani kazi hiyo ilifanywa na kabureta, chombo cha chuma chenye vitundu vidogo, ambamo petroli ilivutwa na hewa ipitayo. Kabureta ilifanya kazi yake kwa kadiri ya uwezo wake, lakini haikuweza kuuonja moshi utokao na kujisahihisha.

Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, yaweza kujisahihisha, kwa kuwa husaidiwa na vyombo vidogo viitwavyo sensa. Sensa ni kama macho, pua na ngozi ya injini. Moja hupima joto la maji ya rejeta. Nyingine hupima hewa iingiayo. Nyingine huhesabu mizunguko ya injini. Tena iko moja ikaayo katika bomba la moshi, nayo hupima oksijeni iliyobaki katika moshi. Sensa ya namna hiyo ilitiwa kwanza katika motokaa za Volvo mwaka 1976. Kompyuta hupokea habari hizi zote, huzilinganisha, kisha huamuru kila noseli ifunguke kwa kitambo kidogo sana ili kumwaga petroli, na kila plagi itoe cheche kwa wakati wake.

Habari zisipopatana, au zikipita mpaka uliowekwa, kompyuta huandika alama katika kumbukumbu yake, kisha huwasha taa ya manjano yenye picha ya injini mbele ya dereva. Taa hiyo haisemi ugonjwa ni nini. Husema tu, "Niulizeni, ninalo neno."

2. Asili ya mazungumzo haya

Labda mtadhani kwamba njia hii ya kuiuliza injini ilibuniwa ili kuwapunguzia mafundi kazi. Sivyo. Ilibuniwa kwa sababu ya hewa wavutayo watu.

Katika mji wa Los Angeles, ulioko Marekani, mwezi wa Julai mwaka 1943 lilishuka wingu zito lenye kuwasha macho na koo. Wakati huo kulikuwa na vita kuu, na wengine walidhani kwamba adui wamewarushia hewa ya sumu. Lakini wingu lilirudi tena na tena, hata vita vilipokwisha. Mtaalamu mmoja wa kemia, jina lake Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, alichunguza jambo hilo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha asili yake. Moshi wa motokaa na wa mitambo ya mafuta, ukipigwa na jua kali, hugeuka kuwa hewa mbaya yenye kudhuru mapafu na majani ya mimea. Basi adui hakutoka mbali. Alikuwa akiendeshwa barabarani na wenyeji wenyewe kila siku.

Serikali ya jimbo la California iliunda halmashauri ya kuangalia hewa mwaka 1967. Baadaye ilionekana kwamba haitoshi kuipima motokaa siku itokapo kiwandani tu, kwa maana huchakaa. Yafaa ijiangalie yenyewe siku zote na kutoa habari inapoanza kuchafua hewa. Kwa hiyo motokaa zilizouzwa huko tangu zile za mwaka 1988 zililazimishwa kuwa na uangalizi wa namna hiyo. Ila kila kiwanda kilikuwa na tundu lake na lugha yake, na fundi alihitaji vyombo vingi kuliko awezavyo kununua. Ndipo sheria ikawekwa ya kwamba motokaa zote zilizouzwa Marekani, tangu zile za mwaka 1996, ziwe na tundu la umbo moja na alama za maana moja. Ulaya nayo ilifuata kwa motokaa mpya za petroli mwaka 2001. Motokaa nyingi ziletwazo Afrika ya Mashariki zimetengenezwa na viwanda viuzavyo pia katika nchi hizo, kwa hiyo tundu hilo twaliona hata kwetu.

3. Tundu na mkalimani

Ukiinama upande wa dereva na kutazama chini ya usukani, aghalabu utaliona tundu hilo. Sheria ya Marekani yataka liwe karibu na usukani, pasipo kupita futi 2. Upande wake mmoja ni mrefu kuliko wa pili, ili mtu asiweze kuchomeka kifaa kichwa chini. Ndani yake mna nafasi 16 za pini, katika safu mbili za nane nane. Si zote zitumikazo katika kila motokaa. Pini ya 16 huleta umeme wa betri. Ya 4 na ya 5 ni za kurudishia umeme. Katika motokaa nyingi za siku hizi, maneno hupita katika pini ya 6 na ya 14.

Pini hizo mbili zimeungwa na nyaya mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba. Njia hii ya kusema kwa nyaya mbili ilianza kutengenezwa na kiwanda cha Bosch cha Ujerumani mwaka 1983, ikatangazwa mwaka 1986. Kompyuta za motokaa zinaponyamaza, nyaya zote mbili huwa na nguvu ya umeme ya volti 2.5. Moja isemapo, waya wa kwanza hupanda kufikia volti 3.5, na wa pili hushuka kufikia 1.5. Kupanda na kushuka huko hutokea kwa kasi sana: katika motokaa nyingi alama 500,000 zaweza kupita kwa sekunde moja.

Nyaya hizo ni kama baraza la wazee. Wote husikia, lakini hawasemi wote kwa wakati mmoja. Kila habari ina namba yake. Kompyuta mbili zikianza kusema pamoja, ile yenye namba ndogo huendelea, na ya pili hunyamaza ikangoja zamu yake. Kwa desturi hiyo habari kubwa haicheleweshwi na habari ndogo, wala neno moja haliharibu lingine.

Basi kwa nini tusichukue waya wa kawaida na kuiunga kompyuta ya fundi moja kwa moja na tundu? Kwa sababu lugha zao ni mbali mbali. Ni kama mgeni aliyefika kijijini asiyejua lugha ya wenyeji: hana budi kupata mkalimani. Mkalimani huyo ni kifaa kidogo, chatosha kufichwa katika kiganja. Upande mmoja huchomekwa katika tundu la motokaa, na upande wa pili husema na kompyuta ya fundi kwa waya wa USB, au kwa mawimbi ya Bluetooth pasipo waya. Kabla ya zile za mwaka 2008, ambapo Marekani ilizilazimisha motokaa zote mpya kutumia zile nyaya mbili tulizozitaja, zilikuwapo lugha tano zilizoruhusiwa. Mkalimani mwema hujua zote tano.

4. Namna ya kuunganisha

Kazi yenyewe si ngumu, ikiwa mtu ataifanya kwa utaratibu. Kwanza, fundi huiweka motokaa mahali pa wazi penye hewa, akavuta breki ya mkono na kufunga swichi. Moshi wa injini una sumu isiyonuka, kwa hiyo asiiwashe ndani ya banda lililofungwa. Pili, hupima betri, kwa kuwa betri dhaifu huleta majibu ya uongo. Tatu, hukichomeka kifaa katika tundu polepole pasipo kukilazimisha, kisha hukiunga na kompyuta yake. Nne, hufungua swichi mpaka taa za mbele ya dereva ziwake, ila haiwashi injini kwanza. Tano, hufungua programu katika kompyuta yake, huionyesha njia kifaa kilikoungwa, na kuiamuru ianze.

Programu hutoa salamu kwa kila lugha, hata ipate kuitikiwa. Ikiisha kuitikiwa, fundi aweza kuuliza. Lakini fundi mwenye busara, kabla ya kuuliza lo lote jingine, huziandika katika daftari alama zote azionazo. Sababu yake mtaiona karibuni.

5. Maswali na majibu ya namba

Maswali yenyewe ni mafupi mno. Tuseme fundi ataka kujua joto la maji ya injini. Kompyuta yake yapeleka namba mbili tu: 01 05. Ya kwanza maana yake, "Nipe habari ya sasa hivi", ya pili, "habari ya joto la maji." Injini yaweza kujibu hivi: 41 05 7B.

Namba 41 ni ile 01 iliyoongezwa 40, ndiyo alama ya jibu. Namba 05 yarudia jambo lililoulizwa. Jibu lenyewe ni 7B. Msishangae kuiona herufi katikati ya hesabu. Sisi twahesabu kwa makumi kwa kuwa tuna vidole kumi. Lakini namba hizi zimeandikwa kwa makundi ya 16. Baada ya 9 huja A, ambayo ni 10, kisha B ni 11, C ni 12, D ni 13, E ni 14, na F ni 15. Basi 7B ni makundi 7 ya 16, ambayo ni 112, kuongeza 11, jumla 123. Kanuni yasema tutoe 40. Tukitoa 40 katika 123, twapata 83. Maji yana joto la digrii 83 za sentigredi, na injini ni nzima kwa upande huo. Na kwa nini twatoa 40? Kwa sababu katika jibu hili namba haziendi chini ya sifuri, na nchi nyingine zina baridi kali ipitayo ile ya barafu. Kwa hiyo hesabu huanzia digrii 40 chini ya sifuri.

Tuulize tena mizunguko ya injini. Swali ni 01 0C, na jibu, tuseme, ni 41 0C 0B B8. Sasa jibu lina sehemu mbili. 0B ni 11. B8 ni 11 mara 16, kuongeza 8, yaani 184. Kanuni yasema: zidisha sehemu ya kwanza kwa 256, ongeza ya pili, kisha gawanya kwa 4. 11 mara 256 ni 2,816. Ukiongeza 184 wapata 3,000. Ukigawanya kwa 4 wapata 750. Injini yazunguka mara 750 kwa dakika, kama ilivyo desturi ya injini nyingi motokaa ikisimama. Programu hufanya hesabu hizi zote yenyewe kwa upesi. Lakini mwenye kuijua hesabu hatadanganywa na programu mbovu.

6. Alama za makosa

Fundi akiuliza makosa, hujibiwa kwa alama yenye herufi moja na tarakimu nne, kwa mfano P0171. Herufi P ni ya injini na mitambo ya kuendeshea. B ni ya bodi. C ni ya magurudumu, breki na usukani. U ni ya mazungumzo baina ya kompyuta zenyewe. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, alama hiyo ina maana moja katika motokaa zote; ikiwa 1, maana yake yajulikana kwa kiwanda kilichoitengeneza. Tarakimu ya pili hutaja sehemu: hapa 1 ni habari ya petroli na hewa. Mbili za mwisho hutaja shauri lenyewe.

Basi P0171 yasema hivi: "Katika upande wa kwanza wa injini, petroli ni kidogo kuliko hewa." Angalieni sana maneno hayo. Haisemi sensa imekufa. Haisemi pampu ya petroli imechoka. Haisemi mpira wa hewa umepasuka. Yasema tu lililoonekana. Lililolileta ni jambo jingine, na laweza kuwa lo lote katika hayo matatu, au mengine.

7. Habari ya motokaa ya shule

Shule tuliyofundisha ilikuwa mlimani, nayo ilikuwa na motokaa moja. Ilileta unga na vitabu, na mwanafunzi akiugua sana ndiyo iliyompeleka hospitali bondeni. Siku moja taa ya manjano iliwaka, na injini ikaanza kutetemeka kila motokaa iliposimama.

Dereva aliipeleka mjini kwa fundi mmoja kijana, mwenye kompyuta mpya. Kijana aliunganisha, akaiona alama P0171, akasema mara moja, "Sensa ya oksijeni imekufa. Kompyuta imesema." Mwalimu Mkuu alitoa fedha zilizowekwa kwa kununulia madawati, sensa mpya ikatiwa. Kisha kijana akabonyeza mahali pa kufuta makosa, na taa ikazimika. Tulifurahi, tukamshukuru.

Baada ya siku tatu taa iliwaka tena. Dereva alirudi mjini, na kijana akaifuta mara ya pili, akisema, "Sasa imepona." Usiku wa Jumamosi mtoto mmoja wa darasa la tano alishikwa na homa kali hata akaweweseka. Tulimpakia motokani. Kila tulipopunguza mwendo kwenye kona au darajani injini ilizimika, na kila mara ilikawia kuwaka. Safari ya saa moja ilitushika saa tatu. Mtoto alitibiwa akapona, lakini daktari alituambia wazi, "Mngekawia zaidi, sijui ingekuwaje."

Jumatatu tuliipeleka kwa fundi mzee. Yeye naye alikuwa na kompyuta, tena kuukuu. Dereva akamwambia, "Shikamoo, Mzee. Twaomba utufutie taa hii."

Mzee akajibu, "Marahaba, mwanangu. Nikiifuta, nitakuwa nimemfukuza shahidi kabla hajasema. Ngoja kwanza nimsikilize."

Alichomeka kifaa, akaandika alama katika daftari. Kisha akauliza jambo ambalo kijana hakuliuliza. Kompyuta ya injini, ikiandika kosa, huandika pamoja nalo hali ya wakati ule: mwendo, joto, na mizunguko. Mzee akasoma: mwendo 0, maji ya moto, mizunguko kama 750. "Mnaona?" akasema. "Lalamiko hili lilitokea motokaa imesimama."

Akawasha injini, akatazama ni petroli kiasi gani kompyuta ilikuwa ikiongeza ili kusawazisha mchanganyiko. Motokaa iliposimama, iliongeza 25 katika kila 100. Alipokanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,500, nyongeza ikashuka karibu na sifuri. Akatabasamu. "Kama pampu ingekuwa imechoka, shida ingezidi injini ifanyapo kazi nyingi. Hapa shida yapungua. Basi iko hewa iingiayo kwa mlango wa nyuma isipopimwa. Injini ikivuta hewa kidogo, hewa hiyo ya wizi huonekana nyingi. Ikivuta hewa nyingi, ile ya wizi haionekani."

Ndipo akaiacha kompyuta, akachukua koleo na tochi. Akaibana mipira midogo ya hewa mmoja mmoja. Alipoubana wa tatu, injini ilitulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Akauchomoa, akaukunja mbele yetu: ulikuwa na ufa mdogo upande wa chini, usioonekana kwa juu. Mpira mpya ulikuwa wa bei ndogo sana kuliko ile sensa. Baada ya kuutia ndipo alipoifuta alama, nayo haikurudi tena.

Nilimwuliza, "Mzee, basi kompyuta ya yule kijana ilisema uongo?"

Akanijibu, "La, Mwalimu. Ilisema kweli, na yangu imesema maneno yale yale. Yeye aliyasikia maneno nusu, akatoa hukumu."

8. Maonyo kwa atakaye kujifunza kazi hii

Kwanza, usifute alama kabla ya kuiandika na kuitafutia sababu. Ukiifuta, wafuta pia ile habari ya hali ya wakati wa kosa, na fundi ajaye baada yako ataanza gizani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Aifutaye taa ili auze motokaa mbovu, au apate malipo ya kazi asiyoifanya, amehatarisha maisha ya watu asiowajua.

Pili, tofautisha kusoma na kuandika. Kusoma habari za injini hakuigeuzi. Lakini ziko programu ziwezazo kuandika maagizo mapya ndani ya kompyuta ya injini. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kompyuta yaweza kuharibika, na motokaa isiwake tena. Mwanafunzi asijaribu.

Tatu, usitazame kompyuta huku ukiendesha. Ikiwa habari zatakiwa motokaa ikienda, mmoja aendeshe na mwingine asome.

Nne, usiache kifaa usichokijua katika tundu. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington na wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego walionyesha kwamba mtu aliyepata kuunganisha kompyuta yake katika tundu hilo aweza kuzifanya breki zisishike. Tundu hilo ni mlango wa nyumba, na mlango haufunguliwi kila apitaye.

Sasa mmeliona lile jambo kubwa nililolitaja mwanzoni. Kompyuta ya injini ni shahidi mwaminifu, lakini ni shahidi tu. Hueleza yale yaliyopimwa na sensa zake, wala haiwezi kuinama na tochi ikatazama chini ya mpira. Kuuliza vema, kulinganisha majibu, kutazama kwa macho, kisha kuamua, hiyo ni kazi ya mtu. Mwenye kompyuta mpya na haraka aliipoteza fedha ya madawati; mwenye kompyuta kuukuu na subira aliuona ufa.

Maswali

1. Taa ya manjano ikiwaka, yasema nini, nayo haisemi nini?
2. Kwa nini watu wa California walitaka motokaa zijiangalie zenyewe?
3. Injini imejibu 41 05 5A. Maji yana joto la digrii ngapi?
4. Injini imejibu 41 0C 1F 40. Yazunguka mara ngapi kwa dakika?
5. Fundi mzee alijuaje kwamba pampu ya petroli si mbovu?
6. Eleza kwa maneno yako mwenyewe tofauti ya ushahidi na hukumu.